Simu Moja, Wanafunzi Sitini

Maswali mnayoniuliza kuhusu kufundisha kwa simu na vishikwambi yanafanana, iwe mwalimu yuko Masalani, Habaswein au Elwak. Shule yetu haina mtandao, nitaanzia wapi? Vishikwambi vya serikali vimefungiwa stoo, vina faida gani? Wazazi wanataka kundi la WhatsApp lakini nusu yao hawajui kusoma, nifanyeje? Leo nayajibu kwa pamoja. Nawaandikia nyinyi mnaofundisha huku kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako mlingoti wa simu ukizimika Jumatatu huenda ukarudi Alhamisi, au usirudi kabisa.

Msimamo wangu ni huu: mtandao ni wa mwalimu, si wa darasa. Pakua ukiwa mahali penye mtandao, kisha fundisha kana kwamba mtandao haupo. Mitandao ya kijamii itumie kuzungumza na wazazi na walimu wenzako, na mtoto mwache nje yake.

## Kwanza hesabu ulicho nacho

Kabla ya kumwandikia mbunge au shirika lolote barua ya kuomba kompyuta, tazama hivi:

- Simu yako. Ikiwa skrini yake ni nzima na ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, inatosha kuanzia.
- Spika ndogo ya blutuuthi. Ningeambiwa nichague kati ya spika na projekta, ningechukua spika. Projekta inataka umeme mwingi na chumba chenye giza, na darasa la mabati lenye madirisha wazi saa sita mchana halina giza hata kidogo.
- Redio. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vipindi vya masomo redioni viliwafikia watoto ambao intaneti isingewafikia. Redio haijapitwa na wakati.
- Vishikwambi vya mpango wa serikali ulioanza 2016. Shule nyingi za msingi za umma zilivipokea, pamoja na vipakatalishi vya walimu na projekta. Vyenu viko wapi?

## Kuifungua stoo

Vishikwambi havikufungiwa kwa uvivu. Mara nyingi mwalimu mkuu anahofia kwamba kikipotea kimoja atalipa yeye. Ukienda kwake na hoja za maendeleo ya teknolojia hutapata ufunguo. Nenda na daftari.

1. Mwombe mvihesabu pamoja mbele ya mwanachama mmoja wa bodi ya shule. Andikeni namba ya kila kifaa na hali yake, kisha wote mtie sahihi. Karatasi hiyo inamlinda yeye, na ndiyo itakayomlegeza.
2. Vichajini kwa saa kadhaa kabla ya kusema vimekufa. Betri iliyokaa tupu kwa miaka hukawia kuamka, na nyingine haiamki tena.
3. Kifaa ambacho betri yake imevimba msikichaji kamwe. Kitoeni darasani, kiwekeni mbali na watoto na mbali na kitu chochote kinachoshika moto.
4. Chagueni kumi vilivyo vizima. Vingine visahauni kwa muhula huu.
5. Anayevichukua atie sahihi, anayevirudisha atie sahihi. Kila siku, hata mkiwa mnaaminiana.

Wengi huharibu vifaa kwa namna wanavyovihifadhi. Garissa joto la mchana hukaribia au hupita nyuzi 35 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na stoo ya mabati iliyofungwa huwa kali zaidi. Viwekeni kwenye rafu ya chini penye hewa, vikiwa na chaji karibu nusu, na mvichaji tena kila baada ya miezi michache wakati wa likizo. Vumbi lifuteni kwa kitambaa kikavu, na tundu la kuchajia lizibeni kwa kipande cha plasta.

Na umeme je? Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, chenye uwezo wa megawati 50, kilizinduliwa Desemba 2019, na umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa. Kuna shule katika kaunti hiyohiyo ambazo hazijawahi kuonja umeme huo. Msiusubiri. Paneli moja ya wati 100 yenye betri nzuri, kwa jua letu, hukupa takriban wati-saa 350 kwa siku, ambazo zinatosha kuchaji vishikwambi kumi hivi. Paneli ikae juani, vifaa vikae kivulini. Utashangaa ni wangapi huanika vyote viwili pamoja.

## Siku ya kwenda mjini ndiyo siku ya kuandaa

Walimu wengi tayari husafiri kwenda mjini kujaza TPAD au kupakia alama kwenye tovuti ya KNEC. Safari hiyo ifanye mambo mawili. Nenda na orodha iliyoandikwa ya unachotafuta: mada nne, picha kumi, video tatu. Ukienda bila orodha utamaliza bando ukitazama habari za mpira.

- Anzia na masomo ya KICD yaliyo kwenye Kenya Education Cloud. Yamepitishwa kwa mtaala wetu, kwa hiyo hutabishana na afisa wa elimu.
- Kwa hadithi za watoto wadogo, African Storybook ina vitabu vya bure kwa Kiswahili unavyoweza kupakua.
- Video ipakue kwa ubora wa chini. Dakika kumi kwa ubora huo hula takriban MB 15 hadi 30, na kwa ubora wa juu zinaweza kupita MB 150. Kwenye skrini ya simu tofauti ni ndogo.
- Fungua kila faili ukiwa bado mjini, data ikiwa imezimwa. Faili ambayo haifunguki pale haitafunguka Hulugho.
- Weka nakala kwenye flashi. Kadi za kumbukumbu huharibika bila kuaga.

Wenye kipakatalishi kizima wajaribu Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality. Ukishaijaza masomo, vishikwambi huunganishwa nayo kwa wifi ya hapohapo shuleni bila kutumia data hata shilingi moja. Aliye karibu na Dadaab aombe kwenda kuona shule za Instant Network za Vodafone Foundation na UNHCR, zilizo na vishikwambi, umeme wa jua na masomo yaliyohifadhiwa. Waulize hasa kuhusu ratiba: nani anakitumia chumba lini, na nani anatunza vifaa. Kwenye ratiba ndiko miradi mingi hufia.

## Somo moja kama mfano

Chukua swali ambalo kila mtoto wa Garissa anaweza kuliuliza: kwa nini Tana hufurika hapa wakati hapa hapajanyesha? Wengi waliyaona mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, na wengine walihamishwa nayo. Huhitaji kuwashawishi kwamba jambo hili linawahusu.

Ukiwa mjini pakua picha ya milima ya Aberdare na ya Mlima Kenya, picha ya bwawa la Masinga, picha ya mto ukiwa umejaa kwenye daraja la Garissa, na picha ya setilaiti inayoonyesha mto mzima kutoka juu hadi Bahari ya Hindi. Tafuta pia video fupi isiyozidi dakika tatu.

1. Anza simu ikiwa mfukoni. Uliza swali. Kila mwanafunzi aandike jibu lake kwa sentensi moja. Watakaosema ni mapenzi ya Mungu usiwakosoe. Waulize maji yalitoka upande gani.
2. Gawa darasa katika vikundi vya sita au saba. Kikundi kimoja kije kwenye simu au kishikwambi, vingine vichore ramani ya mto kwa kubahatisha. Kisha mbadilishane.
3. Onyesha picha bila maelezo. Waache waseme wanachokiona. Mtoto aliyekulia tambarare ya Balambala atakuwa na mengi ya kuuliza kuhusu mlima wenye barafu.
4. Cheza video, uisimamishe mara mbili au tatu, na kila ukisimama uliza nini kitafuata.
5. Zima. Warudi kwenye sentensi yao ya kwanza na kuirekebisha. Hapo eleza mvua ya nyanda za juu, mabwawa ya Masinga hadi Kiambere, na kwa nini bwawa likijaa maji ya ziada lazima yashuke.

Kifaa kimetumika kwa dakika 12 pengine, kati ya 40, na zinatosha. Kosa kubwa ninaloliona ni mwalimu kuweka video ya nusu saa kisha akaenda kukaa nyuma kusahihisha madaftari. Somo limekwisha na hakuna aliyefundishwa.

## Kiswahili, na kazi halisi ya ile spika

Walimu wa Kiswahili, hili ni lenu. Kisomali hakina sauti za p, v na z kama tuzijuavyo katika Kiswahili, kwa hiyo mtoto husema "bata" akikusudia "pata", "faa" akikusudia "vaa", "sana" akikusudia "zana". Ukimkosoa kila mara mbele ya wenzake atanyamaza, na mtoto aliyenyamaza huwezi kumfundisha matamshi.

Rekodi sauti yako ukisoma jozi hizo polepole. Darasa lisikilize kwenye spika, linyooshe mkono wa kulia likisikia p na wa kushoto likisikia b. Sikio litangulie ulimi. Baada ya siku kadhaa, wanafunzi wanaotaka wasome aya fupi ukiwarekodi, wajisikilize, wasome tena. Rekodi hiyo ifute mbele yao. Ukiitunza "kwa ajili ya kumbukumbu" siku moja itaishia kwenye kundi la walimu ikiwa kichekesho.

Unaweza pia kuwaalika wazee. Kwa mada ya mifugo katika Kilimo, mfugaji wa ngamia anayejua kutambua ugonjwa kwa mwendo wa mnyama ana somo ambalo hakuna video ya YouTube itakupa. Mwombe ruhusa, mrekodi kwa lugha yake, kisha darasa litafsiri. Hapo umefundisha Kilimo na Kiswahili kwa pigo moja.

## Kundi la wazazi

Masharti ya WhatsApp yenyewe yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, kwa hiyo wanafunzi wengi wa shule ya msingi hawatakiwi kuwemo. Hata wa sekondari msingi na wa sekondari waliofikisha umri, ushauri wangu ni uleule: unda kundi la wazazi. Nyumbani huku simu mara nyingi ni moja na anayeishika ni kaka. Msichana atakayepewa kazi kupitia simu ataikosa, na hatakwambia kwa nini.

Liunde hivi:

- Wasimamizi wawe wawili au watatu, mmoja wao akiwa mwanachama wa bodi anayejulikana na wazazi.
- Weka mpangilio wa wasimamizi pekee kutuma ujumbe. Mzazi mwenye swali akupigie. Bila hivyo, wiki ya pili kundi litajaa siasa, michango ya harusi na ugomvi wa koo.
- Tuma ujumbe wa sauti, si wa maandishi. Usizidi dakika moja. Haufiki hata nusu MB. Mzazi asiyesoma herufi anaelewa sauti.
- Sauti iwe kwa Kisomali na kwa Kiswahili. Kama hujui Kisomali, mwombe mwalimu mwenzako. Usimpe mtoto kazi ya kumtafsiria mzazi ripoti yake mwenyewe. Mzazi atasikia sifa tupu.
- Chagua saa. Jioni inafaa, na mwezi wa Ramadhani subiri baada ya tarawehe. Ijumaa adhuhuri waache watu.
- Mzazi mwenye kabambe yuko malishoni na wanyama, na huwasha simu akifika penye mtandao. Mtumie SMS moja fupi, ndani ya herufi 160, yenye jambo moja tu.

Tena nawasihi: msimtume mzazi cyber kuchapisha picha za rangi kwa ajili ya kazi ya mtoto. Manung'uniko hayo yalienea nchi nzima mtaala mpya ulipoanza, na kwa mzazi wa Nanighi cyber ni safari ya siku nzima.

## Picha za watoto

Hapa sitapunguza ukali. Usiweke picha ya mwanafunzi Facebook, TikTok wala kwenye status yako bila idhini ya maandishi ya mzazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda mtoto, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule yako ina kiasi hicho?

Hata sheria isingekuwepo, unajua unaishi na nani. Picha moja ya binti aliyecheka kwenye hafla ya shule, ikizunguka bulla nzima, yaweza kumtoa shuleni. Ukitaka kuonyesha kazi ya darasa, piga picha ya mikono, ya daftari, ya mchoro ubaoni.

Na kuhusu ujumbe wa faragha kati ya mwalimu na mwanafunzi: usiandike, usijibu. Mwanafunzi akikutafuta usiku mjibu kesho darasani, au umpigie mzazi. Waraka namba 3 wa TSC wa 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi bado uko, na mazungumzo ya simu ni ushahidi.

## Usalama wenu wenyewe

Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, wakiwemo walimu wengi waliokuwa wakienda likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa Garissa. Sisemi kwamba mitandao ndiyo iliyosababisha. Nasema hatuna sababu ya kurahisisha mambo.

- Usitangaze kwenye kundi lolote siku, saa au basi utakalosafiria.
- Usichapishe picha za nyumba za walimu. Zima alama ya mahali kwenye kamera.
- Usisambaze uvumi wa shambulio. Mpigie mwalimu mkuu au chifu, basi.
- Mgeni asiyejulikana akiingia kwenye kundi, mwondoe kwanza, uliza baadaye.

## "Lakini mwalimu..."

*Mimi si mtaalamu wa kompyuta.* Unatuma pesa kwa M-Pesa na unapokea video za harusi. Ujuzi unaohitajika hapa haupiti huo.

*Mwalimu mkuu amekataza simu darasani.* Mara nyingi katazo ni la wanafunzi. Mwonyeshe andalio la somo lenye dakika za kifaa zilizoandikwa, na umwalike akae darasani mara moja.

*Watoto hawatatulia.* Mara ya kwanza hawatatulia, kweli. Mara ya nne simu itakuwa kitu cha kawaida kama chaki.

*Akili unde je, inaweza kuniandalia maswali?* Inaweza, na kwa mtu mwenye vipindi 30 kwa wiki ni nafuu kubwa. Ila soma kila swali kabla ya kulipeleka darasani. Hukosea ngeli, huvumbua methali ambazo hakuna mzee aliyewahi kuzisema, na hutoa jibu la uongo kwa utulivu uleule wa jibu la kweli. Majina na alama za wanafunzi usiyaingize humo kamwe.

## Ukihamishwa

Baada ya mauaji ya Kamuthe, TSC iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka ukanda huu. Mwalimu anapoondoka na simu yake, video, rekodi, orodha ya namba za wazazi na usimamizi wa kundi huweza kuondoka naye, na anayekuja huanza upya. Kwa hiyo usingoje barua ya uhamisho. Mwishoni mwa kila muhula:

1. Nakili masomo yote kwenye flashi ya shule, yakiwa yamepangwa kwa gredi na somo, si kwa tarehe ulizoyapakua.
2. Andika nywila za vifaa vya shule kwenye karatasi, uifunge kwenye bahasha, aitunze mwalimu mkuu.
3. Hakikisha msimamizi wa pili wa kundi la wazazi ni mkazi wa hapo.
4. Siku ukiondoka, futa namba za wazazi na picha zozote za wanafunzi kwenye simu yako, kisha ujiondoe kwenye kundi.